Tayari, Lakini Maji Hakuna

Zamani pampu ya kisima ilikuwa na swichi ukutani. Ukitaka maji unawasha, tangi likijaa unazima, yakiisha unamlaumu aliyekoga mwisho. Sasa swichi imeng'olewa. Kijana wa kaka yangu amerudi Chake Chake na shahada ya kompyuta, akaiunganisha pampu na roboti katika grupu letu la ukoo la Telegram. Ukiandika /pampu, roboti inaipokea amri na kuiamsha skripti katika kikompyuta kilichowekwa juu ya kabati la vyombo. Skripti inawasha rilei, maji yanapanda tangini.

"Ami, hata ukiwa Wete unajaza tangi!"

Wete hakuna neno. Balaa liko Maskati. Roboti haikufundishwa nani wa kusikilizwa. Kila aliyemo grupuni ni bwana mkubwa. Dada yangu aliye huko, usingizi ukimruka, huandika /pampu ati anatusaidia. Juzi usiku wa manane tangi limefurika, maji yakateremka mpaka barazani, yakaikuta karafuu yangu imekunjiwa jamvini. Nani wa kumgombeza? Pesa za pampu katoa yeye.

Kuna na umeme. Wetu unatoka Tanga kwa waya uliolazwa chini ya bahari tangu 2010, na ukikatika, kikompyuta kina betri, pampu haina. Nimejipaka sabuni mpaka masikioni, naandika /pampu. Roboti inajibu kwa adabu: "Tayari." Tone hakuna. Naandika tena. "Tayari." Naandika kwa herufi kubwa. "Amri haijulikani."

Kijana akanifafanulia: skripti ikimaliza bila hitilafu hurudisha sifuri, na sifuri ndiyo kufaulu. Wallahi, shuleni kwetu sifuri ilikuwa bakora! Anasema kazi ya skripti ni kuituma amri kwa rilei. Maji yakitoka yasitoke, hayaihusu. Nikamwambia atie boya tangini, roboti iulize kwanza maji yamepanda au la, ndipo ijisifu. Akasema hilo litakuja katika toleo la pili.

Lililokuja upesi ni orodha ya wanaoruhusiwa kutoa amri. Dada wa Maskati yumo. Mama yumo, na simu yake ni ya tochi. Mimi nimesimamishwa kwa muda: nairudiarudia amri, naisumbua roboti.