Ngoja Demani, Fundi

Nimetangaza kwamba mwaka huu nataka kusafiri kwa mashua kutoka Mchinga mpaka Kilwa. Nilale Kiswere njiani, nifike Kisiwani na Songo Mnara, nikae huko mpaka nichoke, ndipo nirudi na basi. Tangu nitangaze, hapa Kitomanga hakuna mtu asiye daktari. Anayeuza maandazi daktari, anayeziba pancha daktari. Hata yule kijana anayeleta suruali kupunguzwa, ambaye sare yake ya darasa la kwanza niliishona mimi, ananitazama mguu kwa huruma na kuniuliza, "Lakini Fundi, utaweza?"

Niweze nini? Chomboni hakuna anayetembea. Nahodha kakaa, baharia kakaa, abiria kakaa, mbuzi wa watu kafungwa miguu kalala. Ukiona mtu anazungukazunguka ndani ya mashua, huyo ndiye wa kuhurumiwa, maana hana muda ataoga. Mguu wangu wa kulia ulikwenda na polio utotoni. Nakanyaga cherehani kwa wa kushoto peke yake, na watoto wamesoma. Kazi ya kukaa mahali pamoja toka asubuhi mpaka magharibi naijua kuliko kijiji kizima.

Aliyenitia wazimu huu ni mpwa wangu aliye Birmingham, Uingereza. Alinitumia video ya boti zao za mifereji. Upana wake hauzidi futi 7, kwa sababu milango ya maji ya mifereji ile ilijengwa hivyo tangu karne ya 18, enzi farasi wakivuta shehena za makaa ya mawe kutoka ukingoni. Lakini urefu zinafika futi 70. Ndani mna jiko, kitanda, na choo cha kukaa. Mwendo unaoruhusiwa ni maili 4 kwa saa, yaani bibi aliyebeba kuni anakupita na salamu anakupa. Nyingine zina lifti ya kumshushia mwenye kitimwendo mpaka ndani. Watu wenye ulemavu wanazipanga kwa likizo zao za kiangazi, wanatoka mji huu kwenda mji ule wakinywa chai. Nikamuuliza, mtu akitumbukia je?

"Mjomba, sehemu nyingi maji hayafiki hata kifuani. Unasimama tu."

Unasimama tu! Mtoto kakaa Ulaya mpaka kasahau anaongea na nani.

Nikajisemea, sisi wa pwani, ambao Ibn Battuta alitufuata Kilwa kwa chombo cha tanga mwaka 1331, tushindwe na watu wanaosafiri ndani ya mtaro?

Hicho kiangazi chao, mwezi wa 6 hadi wa 8, kwetu ni kipupwe na kusi limeshika. Kwa njia yangu kusi ni neema. Linatoka kusini, Kilwa iko kaskazini, unatweka tanga unasukumwa. Nikaenda kwa nahodha mmoja wa Mchinga nikamweleza. Akatazama bahari, akatazama magongo, akarudi kutazama bahari.

"Mwezi wa saba kusi halina adabu, Fundi. Chombo kinaruka, na wewe mikono yako ndiyo miguu yako. Utajishikia nini? Ngoja demani."

Demani ni kusi lililokwisha kuzeeka, kuanzia mwezi wa 8 unapokwisha. Upepo umepoa, bahari imelala. Ushauri mzuri, sikatai. Lakini utazame mtego wake. Huku hela inakuja na ufuta. Minada inaanza baada ya mavuno, mwezi wa 6 na wa 7, na hapo kila mwenye gunia anataka gauni, anataka kanzu, anataka pazia. Vitambaa vinanifika shingoni. Ndiyo miezi hiyo hiyo ambayo nahodha haitaki. Demani ikiingia, hela ya ufuta imeshaliwa, ya korosho bado iko mtini, mimi napiga miayo barazani na upepo mzuri unapita bure. Nikiwa na nauli sina upepo, nikiwa na upepo sina nauli. Na mguu bado haujaingia kwenye mazungumzo haya.

Halafu kuna maji. Watu wa bara wanadhani bahari inakaa palepale ulipoiacha. Pwani hii, siku za bamvua, maji yakipwa yanashuka zaidi ya mita 3. Ufuko unabaki tope tupu, chombo kimelala ubavu huko mbali. Mwenye miguu miwili anavua viatu anakwenda. Mimi gongo moja likizama namngoja mtu wa kulichomoa. La pili likizama nayangoja maji yenyewe. Zile kofia za mpira za ncha za magongo zimebaki huko chini, naamini kaa wa Mchinga wanazivaa. Kwa hiyo lazima niondoke maji yakiwa yamejaa, chombo kimesogea. Bamvua hujaa kwenye saa 10, ama alasiri ama alfajiri. Alasiri nahodha hataki, hapendi kuingia usiku akiwa na abiria anayeuliza maswali. Alfajiri, nani atanifikisha Mchinga saa 10 ya usiku? Bodaboda. Mimi nyuma, begi kifuani, magongo nimeyalaza mapajani yametokeza huku na huku kama mbawa, na malori ya Mtwara yanatupita.

Kuna mwerevu ameniambia nipandie kwenye gati, ndiyo kazi yake. Gati ni zuri maji yakijaa. Yakipwa, wewe uko juu, boti iko chini kabisa, na kati yenu pana ngazi ya chuma yenye utelezi. Aliyebuni ngazi ile hakuwa na mama mzee.

Ufukweni ni afadhali, kwa sababu ufukweni watu hubebwa. Hili ndilo linaloniudhi kuliko yote, acha nilimalize. Mama mwenye baibui jipya anabebwa. Mgeni mwenye kamera anabebwa. Karani mwenye suruali ya pasi anapanda mgongoni kwa baharia, kashika viatu, mkoba kichwani, na hakuna anayemwambia pole. Nilimwona mmoja ambaye kilo zake hazipungui 100. Baharia anatitia mchangani, mishipa ya shingo imemtoka, jamaa huko juu anapokea simu. "Niko ofisini," anasema. Ufuko mzima kimya, kila mtu na samaki wake. Nibebwe mimi sasa, mtu mkavu ambaye hata upepo wa feni unanisogeza, wote wanaacha kupara samaki. "Polepole na huyo! Shikeni mguu! Masikini!" Mguu wenyewe wanaoushika ni ule mzima.

Na kubeba si jambo geni kwa watu wa Lindi. Kati ya mwaka 1909 na 1913 Wajerumani walifukua mifupa ya mjusi kule Tendaguru, upande wetu huu huu. Waliochimba ni babu zetu, chini ya msimamizi wao Boheti bin Amrani, na waliobeba ni babu zetu. Zaidi ya tani 200 zilikwenda vichwani na mabegani, kwa miguu, mpaka bandari ya Lindi, zikapakiwa melini. Leo mjusi kasimama Berlin kwenye jumba la makumbusho, kimo chake kinazidi mita 13, na watu wanalipa kiingilio kumtazama. Kiumbe aliyekufa miaka kama milioni 150 iliyopita, hana hata mguu mmoja unaofanya kazi, alipelekwa Ulaya bila mtu kumuuliza kama ataweza.

Mke wangu anasema nipande basi kama watu. Basi nalijua. Kwenye basi mimi napewa kiti na magongo yanapelekwa kwenye buti pamoja na magunia. Tukifika, konda ana haraka, ananishusha mimi kwanza. Nimesimama kwa mguu mmoja nimeshikilia nguzo ya kibanda cha mishikaki, naliona basi linaondoka na magongo yangu. Mwenye mishikaki ananiambia pole. Hiyo niliipokea, ilikuwa na haki yake. Halafu barabara yenyewe si ya kuitegemea. Mei 2024 Kimbunga Hidaya kilipopita, barabara ya Dar es Salaam ilikatika huko Somanga, watu wakalala njiani, na miguu yao yote miwili wanayo.

Ila lipo jambo moja ambalo mke wangu ananishinda hoja, nalo ni choo. Mashua haina choo. Majahazi makubwa yalikuwa na kisanduku kinaning'inia nje ya tezi, unaingia, unachuchumaa, unamwachia Mungu. Mashua ni kamba na aibu yako. Unashika kamba, unajitoa nje, wenzako wanageuka kutazama upande wa pili na kuanza kuzungumzia bei ya pweza kwa sauti. Sasa mimi sichuchumai. Nimewaza kufunga kula siku mbili, nikakumbuka hamu yote ya safari ni wali wa nazi na changu wa kuchoma. Nimewaza kiti cha plastiki kilichotobolewa katikati. Nahodha kasema kitu hicho hakitaingia chomboni mwake, watu watamcheka mpaka Pemba. Mke wangu amenunua ndoo yenye mfuniko na kaniwekea juu yake khanga ya kujistiri. Ameiweka sebuleni. Wageni wakiuliza, anawaeleza, kwa kirefu.

Sheria ninayo. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 nimeisoma, inataka tufikiwe na huduma, usafiri ukiwemo. Nilipomsomea nahodha aliniuliza kama humo ndani kuna kifungu cha kusi. Kuna pia ile asilimia 10 ya mapato ya halmashauri ya kukopesha vikundi: 4 wanawake, 4 vijana, 2 sisi. Ilisimamishwa mwaka 2023, ikarudi 2024. Rafiki yangu mmoja, asiyeona, fundi wa kusuka vitanda vya kamba, ana wazo kwamba tuunde kikundi, tukope, tununue mashua yetu wenyewe, tuweke choo cha kukaa na mbao pana ya kupandia, tupakie hata hao wazima kwa nauli. Nikamuuliza nani atashika usukani usiku. "Usiku baharini nyinyi nyote mtakuwa kama mimi," akasema, "tena mimi nimeshazoea." Sikupata la kujibu. Tumeandika barua. Imerudishwa tuongeze viambatanisho.

Na hata nikifika huko, kazi haijaisha. Nimeuliza habari za Husuni Kubwa, jumba la Sultani al-Hasan bin Sulaiman la karne ya 14. Vyumba zaidi ya 100, bwawa la kuogelea la pembe nane, sifa zake zimeandikwa, na Kisiwani pamoja na Songo Mnara ni urithi wa dunia tangu 1981. Lakini jumba lenyewe amelijenga wapi? Juu ya genge, unatoka ufukweni unapanda ngazi. Mtu ana dhahabu ya Sofala, ana mafundi, ana matumbawe ya kutosha kisiwa kizima, njia ya mteremko imemshinda. Miaka 700 baadaye ofisi zetu zinaiga. Msikiti Mkuu nao uko chini, tambarare, kwa hiyo nitakaa Msikiti Mkuu. Waliokwenda Husuni watanihadithia, na watanihadithia wakitweta.

La nauli limepata dawa, kama ni dawa. Nahodha alikuja wiki iliyopita, akanywa chai yangu, akala mihogo yangu, akazunguka weee, ndipo akasema: "Fundi, tanga langu limechoka. Nishonee, demani ikiingia twende bure, na nitatoa mabaharia wawili wa kukubeba." Nikasema nataka mmoja tu, kama karani. Akakubali. Nikasema na ndoo inapanda. Akanyamaza, akamwangalia mke wangu, akakubali.

Tanga limeletwa juu ya guta. Nilidhani ni kuziba matundu mawili matatu. Jamani! Panya wamelila, jua limelila, viraka vya zamani ni vya turubai, vya viroba vya saruji na kimoja nakitambua ni bango la uchaguzi, mgombea bado anatabasamu. Linanuka papa. Sindano namba 18 zinakatika ndani ya maradufu, nimekwenda kwenye sindano kubwa na uzi wa nailoni, vidole vimevimba. Na limekuja sasa, mwezi wa mnada, limejaa baraza yote, limefunika mlango, limefunika cherehani, limenifunika mimi. Jana mama mmoja kafika na kitambaa cha harusi, doti kadhaa, mteja wa kulea. Akaona turubai, akamuuliza jirani kama Fundi kahama.

"Hajahama," jirani akasema, "yumo humo chini."

Nikapiga kelele kwamba nipo, angoje kidogo nijitoe. Maradufu ni mazito, sauti haikufika. Kitambaa kimekwenda kwa yule fundi wa ng'ambo ya barabara, asiyejua hata kukata kola.