Kuruta Mbele ya Msajili

Nchini Marekani, ambako tangu enzi za Vita Kuu ya Pili ya Dunia Baraza la Elimu la nchi hiyo limekuwa likipima mafunzo ya kijeshi na kupendekeza thamani yake katika krediti, yaani vipimo vya masomo vinavyojumlishwa hadi shahada ipatikane, askari aliyevua gwanda hupeleka chuoni hati ya kozi zake na kusubiri hukumu. Kwa kuwa pendekezo la Baraza halikifungi chuo, tabibu wa kikosi aliyezuia damu ya majeruhi huku risasi zikirindima huweza kushukuriwa kwa utumishi wake, kisha akaarifiwa kwamba krediti zake zimepokelewa kama za hiari, maana yake zinahesabika bila kumwondolea somo lolote la lazima, na kwamba huduma ya kwanza ataisoma upya. Mafunzo ya ukuruta, kinyume chake, mara nyingi hupita kama elimu ya viungo, kwani hata wanazuoni wanakubali kuwa askari anajua kukimbia. Ama ada ya somo linalorudiwa, inayolipwa na serikali ileile iliyomfundisha kwanza, kupitia mafao yaliyoasisiwa kwa sheria ya mwaka 1944, hupokelewa pasipo msajili kuuliza kama inaoana na mtaala.