Sifa za Ubishi wa Herufi Kubwa

Kama umesoma kichwa hapo juu ukajiuliza mbona "Ubishi" amepewa herufi kubwa na "wa" akanyimwa, basi sogea barazani, wewe ni wetu. Watu husifu asali, husifu mnazi mtamu, husifu hata matatu zenye redio kubwa. Mimi leo nasimama kusifu kitu ambacho hakijawahi kupigiwa makofi: ugomvi wa watu wazima, wenye watoto na madeni, kuhusu herufi moja ndani ya kamusi elezo ya mtandaoni, iwe kubwa ama iwe ndogo.

Wangu ulianzia kwenye K. Nilikuwa nimekwama kwenye kibaraza cha duka pale Ukunda, mvua ya masika imeshika, nikaandika kwa simu sentensi moja katika Wikipedia ya Kiswahili: kwamba Kaya Kinondo, msitu mtakatifu wa Wadigo ulioko kusini ya Diani, uliingizwa na UNESCO katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2008 pamoja na kaya nyingine za Wamijikenda. (Ndiyo, hiyo ya pili ni ndogo. Subiri.) Nikatia simu mfukoni, nikamalizia viazi karai vyangu. Asubuhi nikakuta K imekonda: "kaya Kinondo". Kwenye muhtasari wa badiliko mwenzangu ameacha maneno sita: "kaya ni nomino ya kawaida tu."

Hiyo "tu" ndiyo iliyoniuma. Nikatengua. Akatengua kutengua kwangu. Nikatengua kutengua kwake, na hapo ndipo nilipoelewa, miaka ishirini baadaye, kwa nini mwalimu wetu wa Kiswahili alikuwa haachi fimbo.

Sasa tazama baraka za ubishi huu. Sentensi ile ingeweza kukaa muongo mzima bila jicho la mtu kuipitia. Baada ya K kukonda, watu wawili waliisoma usiku na mchana kama barua ya posa. Makala ilikuwa na mistari mitatu; ukurasa wa majadiliano, kufikia Ijumaa, ulikuwa mrefu kama mkeka wa harusi. Niambie ni mwalimu gani, ni kampeni gani ya kusoma, iliyowahi kumfanya Mkenya asome mistari mitatu mara arobaini.

Na mwenzangu, nakiri kwa shingo upande, alikuwa na hoja. Katika Kiswahili cha serikali, kaya ni watu wanaokula chungu kimoja. Karani wa sensa ya 2019 aliyepita Msambweni akipiga hodi mlango kwa mlango alikuwa akihesabu kaya, na hakuna msitu hata mmoja aliouandika. Basi umwandikie mtoto wa darasa la sita kule Kisumu kwamba Kwale ina kaya nyingi: ataona sufuria na vitanda, au ataona misitu iliyozunguka maboma walimokaa mababu wa Wamijikenda? Neno ni moja, na asili yake ni nyumbani. Kinachoweza kumwonyesha mtoto yule kwamba amefika mlango mwingine ni herufi peke yake.

Mimi nilitaka K hiyo isimame pale kama wanavyosimama wazee wa Kinondo. Aliyewahi kwenda anajua: kabla hujaingia unafungwa kaniki kiunoni, unaambiwa usivunje kijiti, usitoke na chochote, hata jani lililokwisha kuanguka lenyewe. Mahali ambapo jani kavu lina mwenyewe, herufi itakosaje?

Mashine nayo ni mchochezi, Mungu aibariki. Herufi ya kwanza ya jina la ukurasa huikuza yenyewe, hata ukiiandika ndogo. Ya neno la pili haiigusi. Kwa hiyo "Kaya Kinondo" na "Kaya kinondo" kwake ni kurasa mbili tofauti, kama pacha waliolelewa mmoja Vanga mmoja Lamu, mpaka atokee mwenye huruma amwelekeze mmoja kwa mwenziwe.

Wala usidhani huu ni ushamba wa kwetu. Mwishoni mwa 2012 na mwanzoni mwa 2013, wahariri wa Wikipedia ya Kiingereza walikabana kuhusu filamu ya Star Trek Into Darkness. Swali: ile "Into" ianze kwa I kubwa au ndogo? Kundi moja lilisema kanuni ya vihusishi vifupi iko wazi, iandikwe ndogo. Kundi la pili likajibu kwamba hapo pana kichwa kidogo kilichopotelewa na nukta pacha zake. Wakaandika maneno zaidi ya 40,000, yaani riwaya nzima, kwa herufi moja iliyo nyembamba kuliko zote. I kubwa ikashinda. Mwaka 2014 ikawa zamu ya ndege. Wapenzi wa ndege walikuwa wakiyaandika majina ya kawaida ya ndege hao kwa herufi kubwa kila neno, kama watu wenye vitambulisho. Mjadala wa wahariri ukaamua yawe madogo. Hata korongo-taji, ambaye Uganda imempandisha mpaka kwenye bendera, alivuliwa cheo.

Huko kwa Kiingereza ubishi umeheshimiwa hata ukatungiwa sheria: usitengue zaidi ya mara tatu katika ukurasa mmoja ndani ya saa 24, ukifika ya nne unaweza kufungiwa nje. Watu wa Pwani hatuhitaji kufafanuliwa hiyo tatu. Tofauti na ya talaka ni kwamba eda yake ni siku moja. Halafu hakuna anayevuja damu. Mpaka wa shamba huku kwetu huleta mahakama, na wakati mwingine panga; mpaka wa herufi huleta viwimbi vinne vya kutia saini, mtu akaenda kulala.

Nawahurumia wazee wetu walioikosa raha hii. Kwa karne nyingi pwani hii ilikiandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, na hati hiyo haijui kubwa wala ndogo. Muyaka wa Mombasa, aliyefariki 1840, angetaka kumtaja sultani na punda katika ubeti mmoja, wangelingana kimo. Siku ya tano ya vita vyangu nilimkuta mzee mmoja wa mtaa barazani na kikombe chake cha kahawa chungu.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mwanangu. Mbona uso wa mtu aliyeibiwa ngalawa?"

Nikamweleza. Alisikiliza mpaka mwisho, akachovya kidole kwenye kahawa, akaandika juu ya saruji, kutoka kulia kwenda kushoto, kafu na ya. Kaya. "Haya, iko wapi kubwa?" Nikanyamaza. Akachovya tena, akaandika upya, safari hii kafu akaivuta mkono ukaenda karibu shubiri nzima. "Mimi nikiitaka kubwa, navuta." Jua likaikausha kabla sijapata jibu, na majadiliano yake hayakuhifadhiwa popote.

Tulipatana siku ya tisa. Kaya ikifuatwa na jina lake, kubwa. Ikisimama peke yake, ndogo. Ndiyo maana ile ya pili. Katika kupigania ushindi, mwenzangu alilazimika kuuhakiki mwaka ule wa 2008 na kuuwekea chanzo, nami nikalazimika kueleza kaniki na miiko ya msituni, na makala ikanenepa kwa aya mbili ambazo hakuna aliyekusudia kuziandika. Nikiri pia kwamba kwa siku hizo tisa sikuandika neno lolote kuhusu Kivumba wala Kichifundi, lahaja ninazozisikia nikipita Wasini na Shimoni, ingawa nilishajiahidi tangu mwaka juzi. Lakini utaandikaje lahaja nzima wakati K iko hatarini?

Nilidhani yamekwisha, na niseme kweli, nilianza kuona upweke. Nilikuwa nikifungua historia ya ukurasa usiku bila sababu, kama mtu anayepita nyumba ya mchumba wa zamani. Mpaka juzi. Nimeingia, nakuta ujumbe kwenye ukurasa wangu wa majadiliano, kwa mkono ule ule usio na salamu. Ameuona ukurasa unaotaja hifadhi ya bahari ya Kisite-Mpunguti. Anasema Kisite ni kitu kimoja na Mpunguti ni kingine, hivyo kistari cha katikati hakifai kuwa kifupi. Kinatakiwa kile kirefu.

Kifupi kinatosha kabisa. Nimeshatia simu chaji.