Mgeni Njoo, Zimamoto Waje

Jirani yangu wa ghorofa ya tatu bado ananicheka. Tukipishana ngazini ananiitia, "Mugeni njoo!" kisha anaegemea ukuta mpaka kicheko kimwishe.

Alhamisi iliyopita, saa nane na robo usiku, nilikuwa nimesimama kando ya barabara hapa Glasgow, manyunyu yananipiga ubavuni kama yananidai, nimevaa kikoi, soksi zisizofanana, na kanga ya mama yangu kichwani. Mbele yangu, gari la zimamoto. Nyuma yangu, jengo zima: wazee, watoto, bibi mmoja na paka wake ndani ya mfuko wa sokoni. Uskoti, tangu Februari 2022, sheria inataka ving'ora vya moshi ndani ya nyumba viunganishwe, kikilia kimoja vilie vyote. Vyangu ni vitatu. Vilipoanza, bibi wa paka akatoka akabonyeza king'ora cha ngazini, na hapo hakuna aliyebaki kitandani. Wengi hawakujua bado ni nani wa kulaumiwa, ila mimi peke yangu ndiye niliyenuka pamba iliyoungua.

Kanga zenyewe ni doti moja, mama alinipa Tanga siku ya kuagana. Jina lake: *Mgeni njoo mwenyeji apone*. Moja ndiyo hiyo niliyojitanda. Ya pili ililetwa chini na askari wa zimamoto, ameishika kwa vidole viwili kama panya aliyekufa, ina duara la kahawia katikati. Akaniambia jambo kwa Kiingereza cha Glasgow, ambacho mimi hukielewa kesho yake. Ndipo mama wa ghorofa ya tatu, mtu wa Bukavu, akasogea, akanichungulia kichwani chini ya taa ya barabarani na kusoma kwa sauti, neno kwa neno. Akawatazama wenyeji wanavyotetemeka. "Papa," akasema, "njo weye umetutosha inje?"

Naomba nijitetee. Hita iliyomo sebuleni kwangu ni sanduku la bati lililosheheni matofali, zito la kushinda watu wawili. Usiku umeme unayapasha moto matofali. Mchana yanaliachia joto taratibu, kama chungu kilichoepuliwa. Chanzo chake ni bei. Mitambo mikubwa ya makaa ya mawe na ya nyuklia si taa ya barazani, uizime jioni uiwashe asubuhi. Usiku watu wamelala, umeme upo na hauna mnunuzi. Basi mwaka 1978 Waingereza wakaanzisha bei iitwayo Economy 7: saa saba za usiku kwa nafuu, na mchana unalipa kuzidi wenzako wa bei ya kawaida. Na mita ilijuaje kwamba usiku umeingia? Baadhi zilikuwa zikisikiliza redio! Kwa miaka mingi ishara ilifichwa ndani ya matangazo ya BBC Radio 4, masafa marefu, kilohezi 198. Sikio la binadamu halikuisikia. Mita iliisikia na kubadili bei. Msomaji anasoma habari za bunge, na chini ya sauti yake nyumba kwa maelfu zinaamriwa: haya, chomeni matofali. Walianza kuizima Juni 2025. Siku niliyolisoma hilo nilipoa kwenye kiti nusu saa nzima, chai nayo ikapoa.

Sanduku lina vifundo viwili vya kuzungusha. Kimoja kinapanga joto la kuweka akiba usiku, cha pili kinafungua mlango wa kulitoa. Mwenye akili hukifunga cha pili kabla ya kulala. Mimi nilivizungusha vyote mpaka mwisho, kwa imani kwamba joto linakaa mwisho. Kwa hiyo akiba yangu yote ilimwagika alfajiri nikiwa chini ya blanketi mbili, na kila nikirudi jioni sanduku lilikuwa baridi kama kaburi. Alhamisi nilifua kanga, nikaligusa sanduku, nikaona hapa hakuna moto wa kuogopwa. Nikaitandaza juu yake, juu kabisa ya maandishi makubwa yanayosema USIFUNIKE. Saa sita na nusu bei ikashuka. Matofali yakaitika.

Hapo nyuma nilishanunua hita ya feni ya kilowati 2. Inakula uniti mbili kwa saa, tena za mchana, na ile ya bei mbaya dukani haikupi joto zaidi kwa uniti hizohizo. Mfuko wa maji ya moto ulinipasukia kitandani. Nikaziba matundu ya hewa kwa magazeti, ukuta ukaota kuvu.

Mjomba alinishauri jiko la mkaa. Hilo sikulifanyia mzaha. Mkaa ndani ya chumba kilichofungwa hutoa monoksidi ya kaboni, isiyo na rangi wala harufu, inayong'ang'ania damu mara 200 na zaidi kuliko oksijeni. Kwetu, kuanzia Limuru hadi Njombe, wapo waliolala na jiko wasiamke.

Lakini mtu anayewasha jiko ndani namwelewa, maana nina luku, mita ya kulipia umeme kabla ya kuutumia. Ndiyo, hata Ulaya ipo luku. Nilikwenda Tanga wiki tatu, sikuwasha hata balbu, nikarudi nikakuta deni: ada ya kila siku inahesabiwa utumie usitumie. Pauni 20 nilizoweka zilianza kulipia siku ambazo sikuwepo. Mwenye mshahara mnono hulipa mwisho wa mwezi, anakaa sebuleni na fulana. Wa luku akiishiwa, giza na baridi vinaingia pamoja. Tena makampuni yalikuwa yakipata hati za mahakama na kuingia kwa nguvu nyumba za wadaiwa ili yawafungie mita hizi, mpaka Februari 2023 msimamizi wao, Ofgem, alipoyataka yasite. Mwenye nyumba wangu nimemwomba madirisha ya vioo viwili. Amejibu kwamba jengo ni la kihistoria. Baridi yake pia.

Jana mama alipiga simu, akauliza kama zile kanga zinanifaa kwa baridi. Nikamwambia moja inanitosha.