Barua ya Wazi kwa Afisa Masuuli Aliyekalia Deni Letu

Ndugu Afisa Masuuli,

YAH: SHUKRANI KWA KUTOTULIPA

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mwanasheria wa kampuni iliyoiuzia taasisi yako samani: meza za mikutano, makabati ya mafaili na viti vya kuzunguka, kikiwamo, kama hati ya makabidhiano haidanganyi, hicho ulichokikalia unaposoma barua hii. Natumaini mgongo hauumi. Mkataba ulisema malipo yatafanyika ndani ya siku 30 tangu kupokea ankara. Haukusema siku 30 za mwaka upi, na ofisi yako ikauona mwanya huo mapema kuliko sisi.

Naandika kukushukuru kwa kunipa ajira. Mfanyabiashara wa Kariakoo akichelewesha fedha zetu, shauri lake halina ladha. Namwandikia barua ya madai, akikaidi nafungua kesi, nikishinda dalali wa mahakama anakwenda kulishika gari lake, na kabla gari halijafika mnadani fedha zimekwisha kuingia benki. Mtu kama huyo anamfanya mwanasheria wa kampuni aonekane hana kazi. Wewe ndiwe unayenipa kazi hadi kustaafu.

Sheria yenyewe inakupenda. Anayetaka kuishtaki Serikali sharti kwanza atoe notisi ya siku 90, na marekebisho ya mwaka 2020 yakaupanua mwavuli huo ukafunika halmashauri, wakala na mashirika ya umma. Mwanasheria Mkuu wa Serikali lazima aunganishwe. Ukimsahau, kesi imeharibika. Na shauri liende Mahakama Kuu, hata kama kinachobishaniwa ni bei ya viti. Siku hizo 90, nimeelezwa, ni za kumpa mdaiwa nafasi ya kutafakari na kumaliza jambo nje ya mahakama. Nilikupa. Umetafakari kwa utulivu ambao sijauona hata kwa majaji.

Tuseme basi nimefungua kesi na nimeshinda. Hapo ndipo raha ilipo. Sheria ile ile ya kuishtaki Serikali, Sura ya 5, inakataza kukamata mali ya Serikali ili kutekeleza hukumu. Dalali wa mahakama, mtu anayeng'oa majokofu ya watu bila kupepesa macho, kwako hawezi kugusa hata stuli. Nitakachopata ni cheti cha mahakama kinachoeleza kiasi ninachostahili kulipwa. Nitakileta ofisini kwako, nacho, bila shaka, kitafunguliwa faili na kuhifadhiwa ndani ya kabati letu.

Lakini linalonivutia zaidi ni namna unavyojibu. Hujawahi kukataa deni. Hujawahi pia kulikubali kwa kalamu. Kila jibu huja kwa mdomo: faili liko juu, bosi yuko Dodoma, fungu halijashuka, malipo yako kwenye mchakato. Mwanzoni nilidhani ni uvivu wa kuandika. Kisha nikakumbuka Sheria ya Ukomo, Sura ya 89: dai la mkataba hufa baada ya miaka 6, ila mdaiwa akilikiri kwa maandishi na kutia saini, miaka inaanza kuhesabiwa upya. Kumbe ukimya wako ni utaalamu. Mpe pongezi mwanasheria wako. Siku akichoka utumishi wa umma, aje tumwajiri sisi.

(Sheria hiyo hiyo, kwa taarifa ya wasomaji wengine, haina ukomo kwa Serikali inapodai kodi. Anayedai kiti huzeeka. Anayedai kodi hazeeki.)

Kodi inanileta kwenye risiti. Mhasibu wako alituambia malipo hayawezi kuandaliwa bila risiti ya EFD, ile mashine ya kodi. Tukaitoa. Yaani tulithibitisha kwa mashine ya Serikali kwamba tumeuza, ili Serikali ifikirie kutulipa. Mamlaka ya Mapato, ambayo haina tabia ya kuchelewa, ikaisoma risiti hiyo na kutaka asilimia 18 yake ya VAT ifikapo tarehe 20 ya mwezi uliofuata. Tukailipa kwa fedha za mkopo wa benki. Kwa hiyo katika biashara hii Serikali imepata viti na imepata kodi ya viti, benki imepata riba, na kampuni imepata mimi.

Ukafuata uhakiki. Timu ilikuja kuhakiki kama viti vipo, ikafanya kazi hiyo ikiwa imevikalia. Taarifa ikaandikwa, kisha mhakiki akahamishwa kituo, na mrithi wake akaona ni busara kuanza upya.

Usidhani kwetu kuna amani. Kila Jumatatu meneja mkuu ananiuliza swali moja, "Wameshalipa?", na mhasibu anageuza uso dirishani. Nikipendekeza twende mahakamani, watu wa mauzo wanashika vichwa: mwanasheria, usiwaudhi, wana zabuni nyingine kwenye NeST, mfumo wa ununuzi wa umma! Nao wanasema kweli. Tuliomba zabuni hiyo na tukaishinda, kwa hiyo huenda mwezi ujao tukakuletea makabati mapya kabla ya kulipwa ya zamani. Mwanasheria wa nje angekushtaki na kutuma bili yake. Mimi nalipwa mshahara na kampuni inayokuogopa, hivyo naandika barua za heshima.

Nasikia pia kwamba madeni ya wazabuni hutajwa katika ripoti za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu, na kwamba wabunge huyapigia kelele. Nimejipa moyo kwa hilo. Angalau deni letu linasafiri.

Sasa ombi. Sikudai fedha leo. Mwaka wa fedha unaisha 30 Juni na najua utaniambia fungu limekauka. Naomba mstari mmoja tu, kwenye karatasi yenye nembo ya taasisi, unaosema kwamba mnadaiwa na kampuni yetu kiasi kilichoandikwa kwenye ankara. Weka tarehe, saini na muhuri. Ukishindwa, pokea notisi mpya ya siku 90 iliyoambatanishwa. Nakala ya Mwanasheria Mkuu imekwisha kupokelewa, na safari hii watu wa mauzo hawajaambiwa.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mwanasheria wa Kampuni