Gemu ni Ghali? Maudhi Saba ya Bei, Kutoka Dogo Hadi Kubwa

Uliza kijiweni kama gemu za video ni ghali kuliko thamani yake, utazusha ubishi kuliko penalti ya dakika ya 90. Msimamo wangu ni huu: bei ya dukani mara nyingi ni halali, kinachouma ni yale yanayokuja ukishalipa. Nimeyapanga kuanzia namba saba, dogo kabisa, hadi namba moja. Asiyekubali mpangilio huu ashike pedi, tumalizane uwanjani.

7. Dola 70

Hili ndilo linalopigiwa kelele zaidi, na ndilo dogo. Mwaka 2006 gemu kubwa mpya iliuzwa dola 60 Marekani, na bei ikaganda hapo hadi 2020 ilipoanza kusogea kwenye 70. Ukipiga hesabu ya mfumuko wa bei, dola 60 za 2006 ni zaidi ya 90 za leo. Hata miaka ya 1990 zilikuwapo katriji za Super Nintendo zilizouzwa dola 70 na kuendelea. Kwa hiyo mzee anayetuambia zamani gemu zilikuwa bei poa, shikamoo yake tunampa, hoja yake hatuipokei.

6. Bando

Call of Duty za miaka ya karibuni zinapita gigabaiti 100. Umemaliza kulipia gemu, sasa lipia na intaneti ya kuipakua. Wenye faibaa nyumbani rukeni namba hii. Wa bando la usiku, poleni, tunajuana.

5. Dola 80

Juni 2025 Nintendo walileta Switch 2 pamoja na Mario Kart World ya dola 80. Microsoft nao wakatangaza The Outer Worlds 2 kwa bei hiyohiyo. Wachezaji wakang'aka, na Julai bei ikarudishwa 70 kabla gemu haijatoka. Kelele zinalipa, ndugu zangu, tusichoke kupiga!

Mwaka huohuo Hollow Knight: Silksong, kazi ya kikundi kidogo cha Team Cherry kutoka Adelaide, Australia, ilitoka kwa dola 20 tu, na wanunuzi wakafurika mpaka maduka ya mtandaoni yakakwama. Clair Obscur: Expedition 33, ya Wafaransa, ilianza na dola 50. Halafu kuna Stardew Valley, gemu ya kilimo aliyoitengeneza mtu mmoja, Eric Barone: imeuzwa dola 15 tangu 2016, na masasisho yake makubwa ametoa bure. Anayesema gemu nzuri lazima iwe ghali aanze kwa kunieleza hizo tatu.

4. Gemu mbichi

Cyberpunk 2077 ilitoka Desemba 10, 2020. Kwenye PS4 ilikuwa balaa, na wiki moja tu baadaye Sony wakaiondoa dukani kwao na kuwarudishia watu fedha. Mgahawani ugali mbichi unarudishwa jikoni. Kwenye gemu unaambiwa uendelee kula, utaivia mezani. Baadaye iliiva kweli, na leo ni gemu tamu. Ila walioinunua siku ya kwanza ndio waliolipa bei ya juu kabisa kwa toleo bovu kabisa.

3. Mpira wa kila Septemba

Hapa naomba nafasi ya kutosha. Gemu ya FIFA ya kampuni ya EA ilianza 1993, na tangu 2023 inaitwa EA Sports FC. Kila mwaka inatoka mpya kwa bei kamili. Kwenye Nintendo Switch, kuanzia FIFA 20 hadi FIFA 23, waliuza "Legacy Edition", na EA wenyewe walieleza kuwa kilichobadilika ni vikosi na jezi. Usajili mpya, mpira uleule.

Ukishanunua, Ultimate Team inakusubiri mlangoni. Unalipia pakiti bila kujua ndani kuna mchezaji gani. Mtoto anamtafuta Mbappé, anaambulia beki wa akiba wa daraja la pili. Katika mwaka wa fedha wa 2021 pekee, Ultimate Team ya gemu zao zote za michezo iliwaingizia EA takriban dola bilioni 1.6. Mwaka 2018 Ubelgiji ilisema masanduku ya bahati ya aina hii ni kamari, na Januari 2019 EA wakaacha kuuza huko pointi za kununulia pakiti hizo. Wabelgiji wako sahihi. Ni kamari, na haifai kuuziwa watoto.

Na baada ya fedha zote hizo, Simba na Yanga hazimo. Angalau hapa watani wamefungwa pamoja.

Nenda sasa kwenye vibanda vya PlayStation, Dar au Nairobi. Vijana wanacheza na vikosi vya miaka miwili iliyopita, wanalipa kwa mechi, diski moja inahudumia mtaa mzima, na kelele za goli zinasikika barabarani. Sijaona matumizi bora ya fedha ya gemu kuliko hayo.

2. Shilingi haimo

Steam, duka kubwa la gemu za kompyuta, lina bei za randi ya Afrika Kusini na rupia ya India, na zipo gemu zinazopunguzwa kulingana na kipato cha nchi. Shilingi, ya Kenya au ya Tanzania, haimo. Sisi ni dola. Gemu ya dola 70 ni zaidi ya shilingi 160,000 za Tanzania, hapo hujagusa bando. Halafu wanashangaa diski za kunakili zinatoka wapi!

1. Umelipa, lakini si yako

Mwaka 2014 Ubisoft waliuza The Crew, gemu ya magari iliyotaka intaneti hata ukicheza peke yako. Machi 31, 2024 seva zikazimwa. Diski ipo, risiti ipo, gemu haipo. Concord ya Sony ilidumu wiki mbili tu mwaka huohuo, lakini wanunuzi walirudishiwa fedha zao. Muungwana hufanya hivyo.

Kisa cha The Crew kilimfanya mwanaYouTube Ross Scott aanzishe kampeni ya Stop Killing Games, ya kupinga gemu kuzimwa namna hii, na kufikia Julai 2025 saini zaidi ya milioni moja zilikuwa zimekusanywa Umoja wa Ulaya. California nayo ilipitisha sheria mwaka 2024: muuzaji wa bidhaa ya kidijitali lazima amweleze mnunuzi iwapo anachopata ni leseni tu. Ni haki, ila imechelewa. Diski unaazima, unauza, unampa mdogo wako. Leseni humpi mtu.

Basi kabla hujabonyeza kulipa, jiulize: siku wakizima seva, nitabaki na nini? Kama jibu ni hewa, ngoja ishuke bei, au tafuta yenye diski inayocheza bila intaneti.