Umetumwa Oili ya Ndege? Soma Kwanza

Rubani amekupa dola na maneno mawili tu: "Lete oili." Hatua ya kwanza ni kutokwenda dukani. Rudi kwake umwulize injini ni ya aina gani, imefanya kazi saa ngapi tangu itengenezwe upya, na kitabu chake kinataka oili ipi. Akikujibu kwamba oili ni oili, mwombe kwa heshima akuonyeshe kitabu chenyewe. Akikosa kitabu, mrudishie dola zake, na siku ya safari upande lori.

Nasema hivi kwa sababu najua ndege ndogo za huku Goma zinapita wapi. Cessna 206 ina injini moja. Ikizimika juu ya Masisi, chini ni vilima vilivyosimama. Ikizimika juu ya Walikale, chini ni msitu usio na uwazi. Hakuna mahali pa kusimama pembeni na kumpigia fundi simu.

Ukishajua injini, hakikisha kwamba ni ya pistoni. Watu wa Walikale wameona ndege nyingi, na si zote za pistoni. Miaka ile mgodi wa Bisie ulipokuwa unatoa kasiteriti kwa wingi, kipande cha barabara ya lami cha Kilambo kiligeuzwa kiwanja: magari yalisimamishwa, ndege ikatua barabarani, magunia yaliyotolewa msituni kwa migongo ya watu yakapakiwa, na ndege ikaruka kwenda Goma. Let 410 na Antonov 28 zilizokuwa zinatua pale ni za turbini. Oili yake ni nyepesi sana, imetengenezwa kiwandani kwa kemikali tupu, na haina kazi ndani ya injini ya pistoni. Kwa hiyo anayekuambia "hii ilibaki kwa Antonov, chukua kwa bei ya urafiki" anakuuzia hasara, hata kama anasema kweli kwamba ni ya ndege.

Sasa twende dukani. Mwenye duka ataanza na kidole. Atakichovya, atasugua, ataangalia rangi kwenye jua, kisha atatoa hukumu: "Papa, chukua hii, ni orijino ya Dubai, hata majeep ya wazungu yanaitumia." Mwache aseme. Kidole hakijui kusoma. Rangi nayo haisemi lolote kuhusu ubora, na majeep ya wazungu hayaruki. Mwambie, "Asante patro, lakini jeep ikizima inasimama," halafu geuza chupa usome.

Oili ya gari, hata ya bei kubwa, ina viungo vya madini kama zinki na kalisi. Katika gari vinafanya kazi nzuri. Lakini injini ya ndege ya Lycoming au Continental hupozwa kwa upepo, silinda zake hupata moto mkali, na kwa umbile lake huunguza oili kidogo kila saa inapofanya kazi. Madini hayo yakiungua huacha majivu juu ya pistoni na kwenye plagi. Majivu yakishika moto yanakuwa kama kaa la jikoni lililosahauliwa: petroli inawaka kabla ya wakati wake, na pistoni inaweza kutoboka. Ndiyo maana oili ya ndege ya pistoni hutengenezwa kwa dawa za kusafisha zisizoacha majivu. Kwenye chupa tafuta alama SAE J1899. Hiyo ndiyo oili ya kila siku. Ukiona J1966, hiyo ni ya madini tupu, isiyo na dawa hizo, na kwa kawaida hutumika wakati injini mpya au silinda mpya inazoea kazi.

Motari wa barabara ya Sake hadi Masisi ataelewa haraka kuliko wengi. Yeye anajua kwamba oili ya gari yenye dawa za kupunguza msuguano inaweza kufanya klachi ya pikipiki iteleze, ndiyo maana anatafuta chupa yenye alama ya JASO MA. Na kuna ndege ndogo ambazo kweli zinakaribia pikipiki: injini ya Rotax 912 ina giaboksi inayotumia oili ileile ya injini, na mtengenezaji wake anaruhusu oili nzuri za pikipiki zenye uwezo wa kulinda gia. Lakini ukimpa Lycoming oili ya Rotax kwa sababu "zote ni ndege," umeharibu. Kitabu tena.

Namba nazo zinawachanganya watu. W100 ya AeroShell ni oili ya uzito wa SAE 50, na ile W inaonyesha kwamba ina dawa zisizoacha majivu. W80 ni SAE 40. Katika 15W-50, W inahusu ubaridi, kwa sababu oili hiyo ni nyepesi asubuhi ya baridi na inabaki nzito injini ikipata moto. Goma iko karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari na asubuhi zake zina baridi. Walikale iko chini zaidi, joto na unyevu tupu. Kwa joto letu, W100 inafaa ndege nyingi kama kitabu kinairuhusu.

Lakini adui mkubwa kwetu ni kulala kwa ndege, kuliko joto lenyewe. Vita vya mwaka 2025 vilifunga uwanja wa Goma mwishoni mwa Januari, na mwezi Machi vikafika hadi Walikale-centre. Hata kabla ya hapo, ndege ndogo za eneo hili zilikuwa zinasimama majuma kwa majuma kwa sababu ya usalama, mvua, au kukosa petroli yake, ambayo ni adimu. Katika Lycoming, mhimili wa kamu uko juu ndani ya injini. Ndege ikisimama, oili inachuruzika na kuuacha uchi, na unyevu wa msitu unaanza kuula kwa kutu. Oili ya uzito mmoja hukawia kidogo kuchuruzika, na hiyo ni sababu nyingine ya kuipenda W100 hapa. Kuwasha injini chini dakika chache "ili isilale" hakusaidii: oili haifiki joto la kufukuza maji, karibu nyuzi 80, na mvuke mpya unaongezeka. Afadhali iruke kweli, au ifungwe na kutunzwa kwa oili ya kuhifadhi injini.

Kwa hiyo usihesabu saa peke yake. Lycoming inasema oili ibadilishwe kila saa 50 kama kuna filta kamili, kila saa 25 kama kuna chujio la waya tu, na kwa vyovyote isipite miezi 4. Filta ya zamani ikatwe na kufunguliwa. Sumaku na macho ya fundi vitaona vipande vya chuma hapohapo kiwanjani, bila maabara.

Usidanganywe na bei pia. Mobil iliwahi kuuza AV-1, oili ya sintetiki tupu, ghali na ya kisasa. Ilishindwa kubeba madini ya risasi yatokayo kwenye petroli ya ndege, matope yakajaa ndani ya injini, na katika miaka ya 1990 ikaondolewa sokoni.

Kununua kwenyewe ni kifupi. Agiza kwa mafundi wa Wilson kule Nairobi, au Uganda, Entebbe na Kajjansi, wanakotunza ndege ndogo kila siku. Dai cheti cha bechi, linganisha namba yake na ya kwenye chupa, na kataa chupa ambayo mhuri wa kifuniko umeguswa. Kadhafi, yule muuza petroli wa barabarani, ni mtu wa msaada kwa pikipiki, lakini bidoni yake haina cheti. Injini ya Continental IO-520 hubeba kwati 12, karibu lita 11; nunua za kubadilisha na za kuongezea, kwa sababu Walikale hutazipata.

Bado kuna jambo moja, na hili ni la watu walio chini ya ndege. Oili iliyotoka kwenye injini hii ina risasi ya petroli ndani yake, nayo ni sumu, hasa kwa watoto. Usimgawie mtu apake mbao, usiimwage karibu na maji. Na chupa zikiisha, zitoboe zote kabla hujaondoka kiwanjani, zisirudi sokoni na oili ya gari, wala zisiingie jikoni kwa mtu zikiwa na mawese.